Mgongo wa Picha: Uhakiki wa Maandishi ya Kigeni katika Picha za Urithi za Nakuru

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hutumiwa zaidi juu ya biashara, lakini unaifaa pia mali ya namna nyingine iliyohifadhiwa katika nyumba nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa la kati, nayo ni sanduku la picha za jamaa waliokwisha kufa. Kila picha ya sanduku hilo ina uso na mgongo. Usoni huonekana watu: mzee aliyeketi, kijana aliyesimama nyuma yake, mtoto aliyeshikwa mkono asicheze, na pengine mfanyakazi aliyesimama pembeni, karibu na mlango wa duka. Mgongoni mna mistari miwili au mitatu ya wino uliofifia, katika hati ambayo warithi hawaijui. Mwandishi alipokuwa hai hapakuwa na haja ya kuisoma mistari hiyo, kwani aliulizwa akajibu kwa mdomo. Alipokufa, andiko lile likawa ndilo daftari pekee la mali hiyo. Na warithi hawawezi kulifungua.

Makala haya yanakusudia kulihakiki andiko la mgongoni kama vile yahakikiwavyo maandishi mengine ya kale, yaani kwa kuchunguza hati yake, lugha yake, mwandishi wake na wasomaji wake. Hoja inayotetewa ni kwamba andiko la namna hii hupotosha zaidi pale linapokaribiana na Kiswahili kuliko pale linapokuwa geni kabisa. Kwa sababu hiyo, kulisoma ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili kama ulivyo wajibu wa wataalamu wa Kigujarati au Kipunjabi. Aidha, itaonyeshwa kwamba jambo linalotegemea usomaji huo si historia ya familia yenye sanduku peke yake. Yule mtu aliyesimama pembeni naye ana wajukuu.

Nakuru na waandishi wake

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900, na ukafika ziwani, mahali palipo Kisumu, mwishoni mwa mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walifariki, wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na wapatao 6,700 walibaki Afrika Mashariki. Nyuma ya reli walifuata wenye maduka, hasa watu wa Gujarat na Kutch. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, na Desemba 2021 ikapewa hadhi ya jiji. Tangu siku zake za kwanza, basi, ulikuwa mji ambao hesabu za duka, barua za nyumbani na migongo ya picha iliandikwa katika hati kadhaa kwa wakati mmoja.

Wahindi hawakuwa peke yao. Mwaka 1908 kundi la Makaburu lililoongozwa na van Rensburg lilishuka Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, na hapo likafunga magari yake ya ng'ombe na kuelekea uwanda wa Uasin Gishu. Watu hao walisema Kiafrikana, lakini lugha waliyofundishwa kuandika kanisani na shuleni ilikuwa Kiholanzi. Kiafrikana hakikupata hadhi ya lugha rasmi huko Afrika Kusini mpaka mwaka 1925. Picha ya miaka ile yenye Kiholanzi mgongoni haithibitishi kamwe kwamba mwandishi wake alitoka Uholanzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliletwa mateka wa Kiitaliano, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 chini ya ukingo wa bonde, karibu na Mai Mahiu, lingali linaonekana barabarani. Nao waliandika.

Hali ya Wapunjabi inafanana na ya Makaburu. Katika Punjab ya utawala wa Kiingereza, lugha ya ofisi na ya shule nyingi ilikuwa Kiurdu, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu na Kiajemi. Kalasinga aliyesoma huko kabla ya mgawanyiko wa mwaka 1947 aliweza kusali kwa maandiko ya Kigurmukhi, akazungumza Kipunjabi na mkewe, kisha akaandika mgongo wa picha kwa Kiurdu. Mjukuu anayeziona herufi zile hudhani kwamba picha ni ya Mwislamu fulani, rafiki wa babu, kumbe ni ya babu mwenyewe. Fundisho la kwanza la uhakiki huu ni hilo: hati haitoshi kumtambulisha mwandishi, wala taifa lake, wala dini yake.

Hati kabla ya lugha

Warithi wengi huanza kwa kuuliza, "Hii ni lugha gani?" Swali la kwanza lingefaa kuwa, "Hii ni hati gani, na ni mwandiko wa shule gani?" Wajerumani ni mfano mzuri. Mwandiko uitwao Sütterlin ulifundishwa katika shule zao, kuanzia Prussia mwaka 1915, ukaondolewa mwaka 1941. Leo Mjerumani aliyezaliwa na kusomeshwa katika lugha yake hukodolea macho barua ya bibi yake asielewe neno. Kwa hiyo kumpelekea mtu andiko kwa sababu tu ni mzawa wa lugha yake si dawa ya hakika.

Katika hati za Kihindi zilizotumika Nakuru, alama ya kwanza ya kutazamwa ni mstari wa juu. Kigurmukhi huning'iniza herufi zake chini ya mstari. Kigujarati hakina mstari huo. Kiurdu huandikwa kutoka kulia, na katika mwandiko wa haraka nukta zake huweza kuachwa, hali inayojulikana vyema na yeyote aliyewahi kusoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Khoja wa madhehebu ya Ismailia walikuwa pia na hati yao, Khojki, iliyotumika hasa kwa maandishi ya dini.

Iliyo ngumu kuliko zote ni hati ya wafanyabiashara. Kigujarati cha madukani, na hati nyingine za jamii hiyo kaskazini mwa Bara Hindi, kiliandikwa zamani pasipo alama za irabu, au kwa alama chache tu. Mwenye duka alijua alichokiandika, na hakumwandikia mtu wa nje. Wahindi wenyewe wana kichekesho cha kale juu ya jambo hili. Barua ilifika kijijini kusema kwamba "kakaji Ajmer gaye", yaani mzee amekwenda Ajmer. Kwa kuwa irabu hazikuandikwa, msomaji akasoma "kakaji aj mar gaye", yaani mzee amekufa leo, na nyumba nzima ikaanza matanga.

Kichekesho hicho kina uzito katika Nakuru. Chukuliwe jina la Molo, mji ulio magharibi ya Nakuru. Likiandikwa kwa konsonanti tupu huwa m-l. Lakini m-l ni "mal", yaani bidhaa, na pia ni "mol", yaani mazao yaliyo shambani. Msomaji ajuaye kwamba familia ilikuwa na duka atachagua bidhaa; ajuaye kwamba ilikuwa na shamba atachagua mazao; na ajuaye njia ya reli atachagua Molo. Herufi ni zile zile. Jina la Nakuru lenyewe, likiandikwa hivyo, huwa n-k-r. Na n-k-r ni "nokar", ambalo maana yake ni mtumishi.

Dada, mama na kaka

Ili jambo hili lionekane wazi, chukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Picha inaonyesha wanaume watatu walioketi mbele ya duka, na mwanamume wa nne, Mwafrika, amesimama pembeni. Mgongoni mna maneno manne katika Kigujarati: dada, mama, kaka, na mwishoni n-k-r.

Mjukuu aliyezaliwa Nakuru anajua Kiswahili na Kiingereza, na Kigujarati anakijua kwa kukisikia tu. Amejifunza herufi kidogo, na anazisoma barabara. Anatamka "dada, mama, kaka," na moyo wake unafurahi kwa kuwa maneno hayo anayajua. Kisha anageuza uso wa picha na kuona wanaume watatu wenye masharubu. Kwa kuwa hamwoni dada wala mama, huhitimisha kwamba andiko ni la picha nyingine, au kwamba babu alikosea.

Babu hakukosea. Katika Kigujarati, dada ni baba wa baba, yaani babu. Mama ni ndugu wa kiume wa mama, yaani mjomba. Na kaka ni ndugu wa kiume wa baba, ambaye Mswahili humwita baba mdogo au ami. Maneno matatu yaliyo ya kawaida kabisa katika Kiswahili yamebeba ukoo mwingine kabisa. Mwanamke wa Kiswahili amekuwa mwanamume wa Kigujarati, na ndugu wa rika moja amepanda kizazi kimoja. Mtu atakayechora mti wa ukoo kwa kufuata sauti ya maneno hayo atawaoza watu waliokuwa ndugu na kuwazaa waliokuwa wazee.

Mambo hayaishii hapo. Kama andiko ni la Kigurmukhi na lugha yake ni Kipunjabi, dada na mama hubaki kuwa babu na mjomba, lakini kaka huwa mtoto mdogo wa kiume. Neno moja, basi, huwa ndugu mkubwa kwa Kiswahili, ndugu wa baba kwa Kigujarati, na kitoto kwa Kipunjabi. Hapa ndipo kuwapo au kutokuwapo kwa ule mstari wa juu wa herufi, jambo lililoonekana dogo, kunakoamua kama anayetajwa ni mzee au ni mtoto.

Na ikiwa mwandishi alifuata desturi ya duka akaacha irabu, hata jinsia haijulikani. Konsonanti d-d huweza kuwa dada, yaani babu, au dadi, yaani bibi mzaa baba. M-m huweza kuwa mama, au mami, mke wa mjomba. K-k huweza kuwa kaka, au kaki, mke wa ndugu wa baba. Andiko peke yake haliwezi kuamua. Kinachoamua ni masharubu. Uso wa picha husoma mgongo wake, kama mgongo unavyousoma uso, na mhakiki anayetumiwa nakala ya upande mmoja hana budi kuudai wa pili kabla ya kufungua kinywa.

Linabaki neno la nne. Ikiwa n-k-r ni Nakuru, andiko limetaja watu watatu na mahali, na mtu wa nne hakutajwa kabisa. Ikiwa n-k-r ni "nokar", andiko limetaja watu wanne, na wa nne ametajwa kwa kazi yake, si kwa jina lake. Tofauti hii si ndogo. Katika usomaji wa kwanza mwandishi alimwona mtu yule kama ukuta na mlango wa duka. Katika wa pili alimhesabu miongoni mwa waliopigwa picha, japo hakumpa jina. Njia ya kuamua ipo: kutazama kama neno limeandikwa sambamba na majina au limetengwa chini yake, kama limefuatwa na tarehe, na kama picha nyingine za mwandiko ule ule humalizia kwa jina la mahali. Ushahidi usipotosha, pande zote mbili ziandikwe, na msomaji aambiwe kwamba hazijaamuliwa.

Tarehe

Tarehe nazo zina mitego yake. Wagujarati wengi walihesabu miaka kwa kalenda ya Vikram Samvat, ambayo mwaka wake mpya huko Gujarat huanza baada ya sikukuu ya Diwali, mnamo Oktoba au Novemba. Ili kupata mwaka wa kawaida hutolewa 57 kwa siku zilizo kati ya mwaka mpya huo na mwisho wa Desemba, na 56 kwa siku zinazosalia. Samvat 1990 ilianza mwaka 1933 na kumalizika mwaka 1934. Mrithi aonaye 1990 hudhani kwamba mtu mwingine aliandika baadaye sana, ilhali wino ni wa wakati wa picha yenyewe.

Tarakimu huzidisha utata. Moja ya Kigujarati inafanana na 9 ya Kizungu, na nne yake inakaribia 8 iliyo wazi juu. Mwandiko uliochanganya tarakimu za aina mbili, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyefanya hesabu na benki mchana na kuandika daftari lake usiku, huhitaji kusomwa tarakimu moja moja. Mwislamu aliyetumia Hijria naye huongeza hesabu ya tatu: mwaka 1353 ulianza Aprili 1934. Hivyo picha tatu za harusi moja, zilizowekwa katika masanduku matatu ya majirani, huweza kubeba miaka 1934, 1990 na 1353, na zote zikawa kweli.

Kiswahili ndani ya hati ngeni

Mpaka hapa imezungumzwa hatari ya kukiona Kiswahili pasipo na Kiswahili. Iko hatari ya pili, iliyo kinyume chake, nayo ni kutokiona Kiswahili pale kilipo. Lugha za Kihindi zilizosemwa Afrika Mashariki zilichukua maneno ya Kiswahili kama Kiswahili kilivyochukua gari, pesa, bima na laki kutoka kwao. Muhogo ukawa "mogo", na njugu zikawa "jugu". Maneno hayo yamevuka bahari pamoja na wenyewe, na mogo huuzwa kwa jina hilo Uingereza mpaka leo.

Mfano wa "jugu" ni wa thamani kwa msomaji wa picha, kwani unaonyesha jinsi sikio la Mgujarati lilivyoiangusha nazali iliyotangulia konsonanti mwanzoni mwa neno. Kwa kufuata kawaida hiyo, Njoro huweza kuandikwa Joro, na mtu aitwaye Njoroge akaandikwa Joroge. Isitoshe, Kigujarati hutumia herufi moja kwa sauti za v na w, na herufi moja kwa ph na f. Jina la Wanjiku likisomwa na mtu asiyelijua litatoka Vanjiku; na fundi atatoka "phundi", neno lisilo na maana yoyote katika kamusi za huko Ahmedabad. Mfasiri wa mbali, akikutana na neno asilolijua, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Huliruka, au hulirekebisha liwe neno analolijua. Katika hali zote mbili Kiswahili hufutika, na pamoja nacho hufutika mtu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Picha za zama za ukoloni, ziwe za Mzungu au za Mhindi, ziliwapiga Waafrika bila kuwataja mara nyingi sana. Mpishi, yaya, fundi na mchungaji walisimama pembeni, na maelezo yakasema kazi yao ikiwa yalisema chochote. Pale ambapo mwandishi aliandika jina, jina hilo liliandikwa katika hati ambayo mwenye jina hakuisoma, na ambayo wajukuu wake hawataisoma. Huenda basi mgongo wa picha ya familia ya Kihindi ukawa ndio mahali pekee palipoandikwa jina la Mgikuyu au Mkalenjin fulani pamoja na sura yake ya ujanani. Atakayelisoma jina hilo ni lazima ajue Kigujarati cha kutosha kutambua herufi, na ajue Nakuru ya kutosha kujua kwamba Joroge ni Njoroge. Wajuzi wa mambo yote mawili ni wachache, na kila mwaka wanapungua.

Wasomaji watatu

Usomaji wa picha hizi hivi sasa uko mikononi mwa wasomaji wa namna tatu, na kila mmoja anastahili kuhakikiwa.

Wa kwanza ni mjukuu. Anazijua nyuso, au walau majina yaliyotajwa mezani. Asilolijua ni herufi. Kasoro yake ni haraka ya mapenzi: huona analotaka kuona. Wa pili ni mfasiri wa mbali, aliye Gujarat, Punjab au Leicester. Huyu anazijua herufi, hajui Njoro wala Solai, na kasoro yake ni ulaini wa tafsiri. Hutoa sentensi nzuri isiyo na pengo, hivi kwamba mwenye picha hawezi kujua wapi aliona na wapi alikisia. Wa tatu ni programu ya simu, ambayo hupigishwa picha ya mwandiko na kurudisha maneno mara moja. Ina faida yake, hasa kutambua hati na herufi zilizo wazi. Lakini mara nyingi hutoa jibu pasipo kuonyesha shaka, na andiko lenye shaka likitolewa shaka yake limekwisha kuharibiwa.

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wa njia iliyo bora. W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji huko Mombasa katika miaka ya 1880, alikuwa mjuzi wa lugha. Hata hivyo hakuyapata wala kuyaelewa mashairi yale peke yake. Alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji aliyejua mji, watu wake na mafumbo yao. Hichens alipochapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1979, wote walisimama juu ya kazi ya watu wawili hao. Picha za Nakuru zinahitaji akina Sikujua wao: mzee wa Kihindi aliyebaki mjini, lakini pia mzee wa Kiafrika aliyefanya kazi katika duka lile au shamba lile, ambaye pengine alijifunza Kigujarati cha dukani na kuwajua wote walio pichani kwa majina. Huyo wa mwisho huulizwa mara chache, ingawa ndiye awezaye kusema papo hapo kama n-k-r ni mji au ni yeye. Penye wazee haliharibiki neno.

Utaratibu wa kazi wenyewe si mgeni kwa wanaoshughulikia miswada. Kwanza hupigwa picha uso na mgongo, mgongo ukimulikwa kwa ubavu ili alama ya penseli iliyofutika ionekane. Wino usiloweshwe, wala usipitiwe kwa kalamu mpya. Pili huandikwa herufi zilizopo na pengo kwa zisizosomeka. Tatu hugeuzwa herufi kuwa za Kirumi bila kuongeza irabu zisizoandikwa. Nne hutolewa tafsiri, na shaka zikaonyeshwa. Tano huandikwa maelezo: nani alisoma, nani aliulizwa, na alijibu nini. Mwenye picha aombwe idhini kabla ya lolote kuchapishwa, kwani ukoo ni siri ya wenyewe mpaka waitoe.

Pingamizi

Yawezekana kudaiwa kwamba mistari miwili ya mgongoni si fasihi, na kwamba idara za lugha zina tenzi zisizohaririwa za kutosha. Dai hili lina haki kiasi. Mara nyingi andiko la picha ni fomula tupu: Mpolandi aliandika "Na pamiątkę", Mwitaliano "ricordo", Mgujarati "saprem bhet", na Mswahili "ukumbusho", na wote walisema karibu jambo moja. Lakini tenzi nazo zina fomula zake za kufungulia na kufungia, na hakuna aliyezitupa kwa sababu hiyo. Mhakiki hujifunza fomula ili ajue ni wapi mwandishi aliiacha na kusema lake.

Yawezekana pia kudaiwa kwamba kazi hii ni ya Wahindi wenyewe. Dai hili halisimami. Baada ya sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa Kenya mwaka 1967, familia nyingi ziliondoka, na albamu ziligawanyika. Herufi zilikwenda Leicester na London pamoja na wazee wanaozisoma. Mahali na majirani wakabaki Nakuru. Hakuna upande mmoja uwezao kusoma peke yake, na lugha iliyokuwa kiungo cha pande hizo, dukani na uani, ilikuwa Kiswahili.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba andiko la mgongo wa picha lina hati inayoweza kuficha lugha, lugha inayoweza kuvaa sauti ya Kiswahili bila maana yake, tarehe za kalenda tatu, na Kiswahili kilichojificha ndani ya herufi ngeni. Imeonyeshwa pia kwamba msomaji mmoja, hata awe hodari, hatoshi. Kinachohitajika ni wanafunzi wachache wa Kiswahili watakaofundishwa herufi za Kigujarati na Kigurmukhi, kazi isiyozidi muhula mmoja, na kupelekwa kuketi na wazee wa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha, sanduku likiwa limefunguliwa katikati yao.

Herufi zitasubiri, wino uliokaa miaka 90 waweza kukaa mingine. Wasioweza kusubiri ni wale wanaozijua nyuso. Siku atakapozikwa wa mwisho wao, dada, mama na kaka watasomeka vizuri katika kila kamusi, na mtu wa nne atabaki amesimama pembeni mwa duka, asijulikane kama aliandikwa au hakuandikwa.